Kabibi na Matanga Mawili

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, uani kwa Kabibi wa Lewa, kijijini Matsangoni, walikuwapo watu tisa. Watatu walikuwa kwenye makarai, wawili kwenye kamba za kuanikia, Dena kwenye pasi, Caroline kwenye meza ya kukunjia, Kahonzi akipakia tuktuk, na wa tisa alikuwa Kabibi mwenyewe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akichagua foronya zenye madoa ya mafuta. Wanaume walikuwa watatu na wanawake sita. Palikuwa kwa dobi, na dobi wa watu tisa si kitu kidogo katika kijiji cha kando ya barabara.

Ilipata saa tatu alipofika msimamizi wa vyumba wa hoteli moja ya Watamu, mwanamke wa makamo aliyezoea kuzungumza akiwa amesimama. Hoteli hiyo ndiyo iliyoleta theluthi mbili ya kazi yote ya pale uani. Alikataa kiti, akakubali maji.

"Mama Kabibi, vuli iliyopita shuka zilitufikia na unyevu. Wageni walizinusa."

"Jua halikutoka juma zima."

"Najua, na mimi sikusemi kwa ubaya. Lakini mkubwa amekwisha kuamua. Ikifika tarehe mosi Desemba, awe ameona hapa mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia, zile kubwa. La sivyo kazi itapelekwa Mombasa."

Dena aliinua pasi. "Tajiri, mwambie mashine tunazo. Tunazo tisa. Ubaya wake ni mmoja tu, zinakula ugali."

Watu walicheka, na msimamizi naye akacheka, kisha akarudia kuitaja ile tarehe na kuondoka. Wafanyakazi wote wa Kabibi walimwita "tajiri", kama ilivyo desturi ya pwani kumwita hivyo mwenye kazi, awe nacho au asiwe nacho. Kabibi hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kichwani: bila hoteli ile hangeweza kuwalipa watu wanane. Pengine angeweza kuwalipa watatu.

Yafaa hapa aelezwe mwanamke mwenyewe. Kabibi alizaliwa si mbali na hapo, akasoma mpaka darasa la nane, kisha akaajiriwa katika hoteli ya Kikambala, chumba cha kufulia, akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja. Alikaa huko miaka kumi na minne. Alianza kwa kusukuma toroli la taulo chafu, akamaliza akiwa msimamizi wa shuka zote za nyumba ile. Alijua kutofautisha kwa kidole pamba iliyofuliwa kwa maji ya kisima chenye chumvi na ile iliyofuliwa kwa maji ya bomba. Mshahara wake ulipitia benki, na kwa sababu ulipitia bila kukosa, benki ile ikampa kadi ya mkopo pasipo yeye kuiomba. Aliiweka katika mkoba wa ndani, pamoja na kitambulisho, akaitumia mara chache na kuilipa kila mwezi.

Mwaka wa 2020 hoteli zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, alirudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Wengine walikaa wakingoja kuitwa tena. Yeye alinunua makarai na kamba, akatafuta nyumba za wageni zilizobakia na watu, na mumewe, Lewa, fundi wa kujenga kwa mawe, akamjengea sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji yasisimame. Sakafu hiyo ipo hadi leo, na maji hayasimami.

Basi juma lile lile la tangazo la hoteli, Kabibi alikwenda kwenye tawi la benki yake, Malindi, kuomba mkopo wa laki sita na nusu. Alipokewa na afisa wa mikopo aitwaye Mazin, kijana wa mjini, mpole, ambaye kola ya shati lake, kwa jicho la Kabibi, ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mazin alimuuliza habari za kazi yake, mapato yake, mkataba wa hoteli, na bei ya mashine. Majibu yalimpendeza, naye hakulificha hilo. Mwishoni akauliza, kama anayekamilisha utaratibu tu:

"Na mikopo yako ya nyuma, mama, umewahi kuchelewa kulipa?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Kila deni nililipa siku tuliyoagana."

Alisema hivyo pasipo kusita, na alikuwa akisema kweli kama aijuavyo yeye. Mazin aliandika, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia angoje simu.

Simu ilikuja baada ya juma moja na nusu. Sauti ya Mazin ilikuwa imepungua.

"Mama, kuna jambo. Jina lako limo CRB."

Kabibi alikuwa amelisikia jina hilo, kama kila mtu alivyolisikia. Ni ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji wote, na kila benki huzitazama kabla ya kutoa shilingi. Lakini alidhani ni mahali pa watu waliokimbia madeni.

"Limeingiaje huko?"

"Kadi ya mkopo, mwaka wa 2022. Malipo yalitakiwa tarehe 28 Aprili. Yaliingia tarehe 18 Agosti. Zikipita siku tisini huhesabiwa kuwa ni deni lililoshindikana, hata likilipwa baadaye. Zako zilikuwa mia moja na kumi na mbili."

"Lakini hilo tulikubaliana, mwanangu. Lilisemwa mbele ya watu."

"Mama, kuchelewa peke yake kungeweza kuzungumzwa. Ungenieleza siku ile, ningekuandikia maelezo, na wakubwa wangetazama kazi yako. Kilichowachukiza ni kwamba niliandika neno lako. Uliniambia hujawahi. Sasa wanaona umewadanganya."

Kabibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katika kazi yake yote, Kikambala na Matsangoni, alikuwa ameitwa mkali, mchoshi, mwenye macho ya mwewe. Mwongo hakupata kuitwa.

Ni lazima sasa nirudi nyuma, maana jambo lenyewe lilitokea hivi.

Lewa alifariki dunia Jumatano, tarehe 27 Aprili 2022, hospitalini Kilifi, baada ya kuugua figo miezi minne. Siku ya kulazwa, hospitali ilitaka amana, na Kabibi akatoa kadi yake. Ndiyo matumizi yake makubwa pekee tangu apewe. Siku ya kulipa benki ikawa ndiyo kesho yake ya kufiwa. Hapana aliyeikumbuka.

Akazikwa Jumamosi, na matanga yakakaliwa. Siku ya tano simu ya Kabibi ililia. Yeye alikuwa mkekani, ndani, pamoja na wanawake, wala mjane hapokei simu mkekani. Aliipokea Mzee Mwambire, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekaa nje na wanaume. Akaiweka kwenye sauti kubwa, maana mambo ya marehemu husemwa hadharani.

"Hello, naongea na Kabibi?" Ilikuwa sauti ya msichana, mbali, mwenye Kiswahili cha bara.

"Waongea na Mwambire, ndugu wa marehemu. Kabibi yuko mkekani. Sema, watu wanakusikia."

"Ni habari ya kadi, mzee. Malipo ya tarehe ishirini na nane hayajaingia."

Mwambire aliwageukia watu. "Mdai amejitokeza."

"Nani?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Benki."

"Wameleta nini matangani?"

"Wameleta simu."

Watu walicheka, kwa kuwa matanga ya Kigiriama hayakatazi kicheko. Msichana wa benki alisubiri, kisha akasema kwa huruma isiyokuwa ya kujifanya:

"Poleni sana, mzee. Sikujua kuna msiba. Basi hiyo faini ya kuchelewa tunawasamehe. Mtalipa matanga yakiisha."

"Rudia, wasikie."

"Faini tumesamehe. Mtalipa matanga yakiisha."

"Haya. Tumekusikia, mwanangu. Matanga yakiisha, utalipwa."

Kwa watu waliokuwapo, shauri lilikuwa limekwisha. Mdai alijitokeza, akasema, akasamehe sehemu, akataja siku, na mashahidi walikuwa zaidi ya sitini. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo msichana yule hakulijua, na ambalo hapana mtu pale aliyefikiri kwamba lahitaji kuelezwa. Wagiriama wana matanga mawili. Yako ya kwanza, yanayofuata maziko, yanayoitwa hanga itsi, yaani matanga mabichi, nayo ni ya siku chache. Na yako ya pili, hanga ivu, yaani matanga mabivu, yanayofanywa baada ya miezi, watu wakiisha kuvuna na kuwa na chakula cha kuwapa wageni. Hayo ya pili ndiyo yanayofunga msiba. Hapo ndipo wazee huuliza nani alidai na nani alidaiwa, na hesabu za marehemu zikafungwa. Mtu akisema matanga yameisha, husema habari ya hayo.

Msichana alikusudia juma moja. Mwambire alielewa mpaka mavuno.

Mvua ilichelewa mwaka ule, na mavuno nayo yakachelewa. Tena ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wazee wakasema kura zipite kwanza. Matanga mabivu ya Lewa yalifanywa Jumamosi, tarehe 13 Agosti. Kabibi alikuwa na fedha za kuilipa benki tangu mwezi wa Mei. Hilo ndilo linalochosha kulifikiri. Kima cha chini ambacho benki ilikitaka kila mwezi ili jina lake libaki safi, angekipata kwa kazi ya siku tatu. Lakini kulipa kabla ya siku iliyotajwa mbele ya watu, na kabla ya wazee kufunga hesabu, kungekuwa kama kumzika Lewa mara ya pili kwa haraka. Alifunga fedha katika leso na kungoja.

Ujumbe wa benki uliingia katika simu yake mara kwa mara. Aliudharau, akisema moyoni kwamba ujumbe hutumwa na mashine, na mashine haikuwapo walipoagana. Mwezi wa Juni alipigiwa simu na mtu wa benki, mwanamume safari hii.

"Mama, unalipa lini?"

"Matanga yakiisha, kama mlivyosema."

"Bado?" Yule mtu alicheka. "Mama, matanga gani hayo yasiyoisha? Mnamzika kidogo kidogo?"

Kabibi alikata simu, wala hakumsimulia mtu. Tarehe 18 Agosti, Alhamisi, alikwenda Malindi mwenyewe, akalipa deni lote mpaka senti ya mwisho, akaomba kadi ikatwe. Karani aliikata kwa mkasi mbele yake. Akarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba ametimiza ahadi siku yake. Na kwa kuwa faini ilikuwa imesamehewa, hakulitaja tena jambo lile. Kwao, ukisamehewa kisha ukaendelea kulitaja deni, ni kumwambia aliyekusamehe kwamba hukuuamini msamaha wake.

Ndiyo maana alimjibu Mazin alivyomjibu.

Mwambire alipopata habari alikasirika kama mtu aliyetajwa yeye. Alivaa kikoi cha Idi alichopewa na rafiki yake wa mjini, na koti, akafuatana na Kabibi hadi benki. Mazin aliinuka kumpa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Mazin, wa Shela. Babu yangu ni Mbaruk."

"Mbaruk wa duka la mbao?"

"Huyo huyo."

"Babu yako aliniuzia mbao za paa, nikamlipa baada ya mavuno. Hakuniandika popote."

"Alikuandika, mzee," alisema Mazin kwa upole. "Nilikuwa nikiyaona madaftari yake. Lakini mtu akilipa, alikuwa akifuta."

"Na nyinyi?"

"Sisi hatufuti. Huandikwa kwamba amelipa, na kule kuchelewa kunabaki pale pale, miaka mitano tangu siku ya kulipa."

"Miaka mitano?"

"Mpaka Agosti, mwaka wa elfu mbili ishirini na saba."

Mwambire alimtazama Kabibi, kisha akamtazama kijana. "Basi matanga yenu ni marefu kuliko yetu."

Mazin alifungua na kufunga kalamu yake. Mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya chini: "Nilisikia kwa masikio haya. Yule binti alisema mtalipa matanga yakiisha. Nikamwambia rudia, akarudia. Ukitaka watu sitini, nitakuletea sitini. Watajaa humu ndani, mkose pa kukaa."

"Nakuamini, mzee. Ningekuwa mimi ndiye benki, ingekwisha leo. Lakini aliyesema neno lile hakuliandika kama nyinyi mlivyolisikia. Aliandika faini imefutwa. Siku ya kulipa hakuigusa."

"Kwa nini asiseme ni siku ngapi?"

"Na nyinyi, kwa nini hamkumuuliza?"

Swali hilo Mazin hakuliuliza kwa ujeuri, na mzee hakulipokea hivyo. Walikaa wote watatu wakilitazama. Kabibi ndiye aliyesema, na alisema kama mtu aliyefua tangu alfajiri.

"Tusigombane na mtoto, shemeji. Mwanangu, nieleze kinachowezekana."

Kilichowezekana kilikuwa kidogo. Mazin aliandika maelezo ya mkasa wote yapelekwe makao makuu Nairobi, akiomba neno "hajawahi" lisihesabiwe kuwa uongo bali kutoelewana. Alimfundisha Kabibi mambo ambayo angepaswa kufundishwa siku ile alipotumiwa kadi. Kwamba shida ikimpata mtu, alipe japo kile kima cha chini. Kwamba akipewa muhula kwa mdomo, aombe tarehe yenyewe, kwa maandishi. Kwamba kila mtu anaruhusiwa kuomba kumbukumbu zake mwenyewe na kuzisoma kabla hajakwenda kukopa, asije akaambiwa habari zake na mgeni. Kabibi alisikiliza yote na kuitikia kwa kichwa. Mwambire alisinzia.

Kurudi uani, habari haikufichika. Dena, aliyekuwa na ndugu katika kila kijiji na maoni katika kila jambo, alishauri mikopo ya simu.

"Ile haiulizi kitu, tajiri. Unabonyeza tu."

"Nimebonyeza."

"Ikasemaje?"

"Inanipa elfu tatu. Kwa siku thelathini."

Dena alikuna kichwa. "Elfu tatu hata mlango wa mashine hununui."

"Jina langu limekwisha kutembea, Dena. Kila ninakobisha, limetangulia."

Mtu mmoja wa Kilifi, mkopeshaji wa fedha zake mwenyewe, alikuwa tayari kumpa zote laki sita na nusu juma lile lile, kwa dhamana ya kiwanja na riba ambayo Kabibi aliikariri mara mbili ili ahakikishe ameisikia vema. Kiwanja kilikuwa ndicho hicho chenye ile sakafu. Alikaa nalo shauri hilo siku nzima, akifua pamoja na wengine, asiseme na mtu. Jioni alimpigia yule mtu na kumkatalia.

Jibu la Nairobi lilikuja katikati ya Oktoba, mvua zikiwa zimeanza. Maelezo yake yamepokelewa na yatawekwa pamoja na kumbukumbu zake. Kumbukumbu zenyewe hazibadiliki. Mkopo wa laki sita na nusu haukukubaliwa. Benki iliweza kumpa laki moja na nusu, kwa riba ya juu kuliko ya kawaida, na kwa sharti la mdhamini mwenye mshahara.

"Chukua, mama," alisema Mazin katika simu. "Najua haitoshi. Lakini ukiulipa huu bila kukosa hata siku moja, miaka miwili hivi, atakayefungua jina lako atakuta pia hayo mema. Yale ya zamani hayatafutika, ila hayatakuwa peke yake."

"Na Desemba?"

"Desemba, mama, sina la kukuambia."

Mdhamini alipatikana, mpwa wa Mwambire aliyekuwa mwalimu, naye alitia sahihi baada ya kuuliza maswali mengi kuliko benki. Kabibi alinunua mashine moja ya kukaushia, mitumba, kutoka hoteli ya Kikambala iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Alipoufungua mlango wake aliitambua. Ilikuwa ile ya pili kutoka dirishani, yenye bawaba iliyopinda, ambayo aliwahi kuiombea fundi mara tatu na hakuletewa. Ilitosha kukausha shuka za nyumba ndogo za wageni hata mvua ikinyesha. Haikutosha hoteli ya vyumba themanini, wala haikuwa mashine ya kufulia.

Msimamizi wa Watamu alikuja mwishoni mwa Novemba, akaitazama mashine, akaushika mlango wake.

"Umejitahidi, mama."

"Lakini?"

"Lakini mkubwa alisema mbili, tena kubwa. Nimemwomba. Lori la Mombasa litaanza Jumapili."

Safari hii alikubali kiti. Alikaa kitambo akinywa chai, wala hapana aliyezungumzia kazi.

Jumamosi, siku ya mwisho wa mwezi, Kabibi aliwalipa wote, kisha akawaambia wale ambao hangeweza kuwaita tena. Aliwaambia mmoja mmoja, kwa majina, mbele ya wenzao, kwa kuwa hakupenda mtu asikie habari yake kwa mwingine. Wengi walikuwa wamekwisha kujua. Mwanamke mmoja wa makarai alilia, mwingine akamwambia aache, chumvi ingeingia katika shuka.

Wa mwisho alikuwa Dena. Yeye alikuwa amekopeshwa na Kabibi mwanzo wa muhula, karo ya mtoto, na alikuwa amerudisha nusu tu. Alisimama kando ya meza ya pasi, akiukunja waya wa pasi na kuukunjua.

"Tajiri, mimi nadaiwa."

"Najua."

"Kazi ndiyo imekwisha. Sijui nitakulipa na nini."

Kabibi alikuwa amekaa juu ya ile ndoo. Aliwatazama waliokuwapo, ili wote wasikie.

"Nimekusamehe, Dena."

Caroline, aliyekuwa akikunja taulo za mwisho, aliinua macho. "Umesamehewa kweli, Dena, au umesamehewa kibenki?"

Watu walicheka, na Dena alicheka kuliko wote, akifuta macho kwa kiganja. Kabibi alingoja wamalize.

"Nimekusamehe," alirudia. "Sitaki kulisikia tena."

Dena aliiweka pasi juu ya rafu, akaaga, akaenda zake.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba 2024, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mashine ya Kikambala ilikuwa ikizunguka, na bawaba yake ikilia. Malipo ya kwanza ya mkopo yalikuwa yamepelekwa siku tatu kabla ya wakati wake. Walioondoka walikuwa Dena, wawili wa makarai, na wawili wa kamba, jumla watano. Waliobaki walikuwa Caroline, Kahonzi na tuktuk yake, mama mmoja wa makarai aitwaye Kadii, na Kabibi. Jumla wanne.